Mdomo wa Bibi Pengo

Tangu utotoni walimwita Domo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba jina lile lilimwonea. Akiamka alisema, akila alisema, na mkewe alikuwa akiapa kwamba hata usingizini mtu yule alisema, tena kwa mpangilio, kama anayesoma taarifa. Siku ya harusi yao mjomba mmoja alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba hatimaye redio isiyozimika imepata fundi wake. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, kwa sababu bibi harusi kweli alikuwa fundi wa redio.

Mke mwenyewe maneno yalikuwa hayamjii. Mtaani walimwita Fundi, basi. Sebule yao ilikuwa nusu sebule, nusu karakana: meza ndefu chini ya dirisha, feni zilizopasuliwa matumbo, redio zisizo na migongo, makopo ya skrubu, na harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya iliyoyeyuka ambayo haikutoka hata mapazia yafuliwe vipi. Aliweza kukaa mezani pale tangu chai ya asubuhi hadi jua lizame akawa ametamka maneno ya kuhesabika kwa vidole. Maneno ya nyumba alimwachia mume, na mume hakulalamika.

Domo alitafuta riziki kwa mdomo. Alikuwa na kikaragosi aitwaye Bibi Pengo, ajuza wa mbao laini mwenye jino moja, makengeza, na kilemba cha maua. Alimpakata gotini, akapenyeza mkono nyuma ya shingo, na hapo bibi huyo akawa mtu: akawagombeza walimu wakuu, akawatongoza madereva, akawauliza watoto kama kuna aliyeliona jino lake la pili. Walialikwa mashuleni na kwenye sherehe. Lakini mahali Domo alipopapenda kuliko pote ni wodi ya watoto katika hospitali kubwa, ambako alikwenda kila wiki bila kuitwa na mtu.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Walidhani ni mafua, wakadhani ni vumbi, wakadhani ni kelele zake mwenyewe. Madaktari walipochungulia walikuta uvimbe kwenye zoloto, kisanduku cha sauti kooni, nao ulikuwa umeshaota mizizi. Wakamweleza kinagaubaga: ama zoloto litoke, ama aondoke yeye. Zoloto likatoka. Domo akarudi nyumbani na tundu shingoni la kuvutia pumzi, na hakubakiwa na sauti hata ya kunong'ona.

Alipofika alilala kitandani akageukia ukuta, na huko ndiko alikobaki. Walimpa ubao mdogo wa kuandikia, hakuugusa. Wageni walikuja, wakamsemesha kwa sauti kubwa kana kwamba yaliyotolewa ni masikio, wakaenda zao. Dada yake mkubwa, mshonaji wa nguo, alikuja kila siku kusaidia kusafisha lile tundu, na kila siku alirudisha jikoni bakuli la uji likiwa kama lilivyotoka. Daktari alisema kidonda kimepona vizuri na njia ya chakula iko wazi. Kinachomla mgonjwa hakiko shingoni. Akawaambia wamtafutie sababu ya kula. Alilisema hilo kwa upole, huku akinawa mikono, na Fundi alitoka pale akihisi ametumwa dukani kununua kitu kisichouzwa.

Mume alikuwa anakwisha mbele ya macho yake. Mifupa ya mabega ilichomoza chini ya shuka kama hanga za nguo. Fundi alimsugua miguu, akambembeleza, akanyamaza, akalia jikoni bomba la maji likiwa wazi ili asisikike. Maneno ya kumrudisha mtu hakuwa nayo. Mwenye nayo ndiye huyo aliyelala. Alichokijua yeye ni nyaya.

Mfa maji haachi kutapatapa. Asubuhi moja alimtoa Bibi Pengo sandukuni, akampasua kisogo kwa msumeno mdogo, akaanza kazi.

Sauti ya Domo alikuwa nayo. Kwa miaka mingi, kila alipomaliza kutengeneza redio ya kanda, Fundi alimwita mumewe aseme neno ili ajaribu kama inarekodi, na Domo, ambaye hakujua kusema neno moja, alimwachilia Bibi Pengo atambe mpaka kanda iishe. Kanda hizo zilikuwa zimejaa kabatini. Fundi alizihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha. Ndani ya kichwa alifunga servo tatu, vile vijimota vya ndege za kuchezea, ambavyo havizunguki ovyo bali hugeuka kiasi unachoviagiza na kusimama hapo: kimoja cha taya, kimoja cha kuinamisha kichwa, kimoja cha kukigeuza huku na huku. Vyote akaviunganisha, pamoja na spika ndogo, kwenye bodi moja ya kuviongoza. Bodi iliisikiliza sauti ikitoka kwenye kadi. Ikipanda, taya inafunguka, ikishuka, inafumba. Pembeni aliweka kisanduku cha majaribio chenye vitasa vitatu vya kuzungusha, ili aweze kuvichezesha vijimota kwa mkono wakati wa kupima.

Kichwani mwake Fundi alikuwa ameshayapanga mambo. Bibi Pengo atasema tena wodini, Domo ataona kwamba hakuna kilichoharibika, atageuka kutoka ukutani. Moto wa wazo hilo ukiwa bado unawaka, alipita hospitali kuchukua dawa, akamwahidi sista wa wodi ya watoto kwamba siku ya kliniki ya mumewe Bibi Pengo atafika. Sista hakungoja, aliwaambia watoto siku hiyo hiyo.

Mwanzoni taya ilichelewa. Bibi alimaliza neno zima midomo imefumba, kisha akaachama neno likiwa limeshapita, kama samaki nchi kavu. Hilo Fundi aliliweza: aliichelewesha sauti kidogo tu, kiasi cha kupepesa jicho, ili taya iwahi. Akaulainisha mwendo ili kidevu kisitetemeke kwa kila herufi. Lakini palikuwa na ugonjwa mwingine. Bibi Pengo alianza vizuri, "Hamjambo wajukuu zangu wasiooga," akaendelea mpaka kwenye kicheko, taya ikaachama kwa nguvu, shingo ikageuka, na hapo kichwa kizima kikashikwa na kifafa, kikatetemeka, kikazima. Kisha kikazinduka na kuanza upya. "Hamjambo wajukuu zangu wasiooga."

Alibadilisha kadi. Alichoma upya kila kiungo cha waya. Aliifuta programu ya bodi akaiandika tena toka mwanzo. "Hamjambo wajukuu zangu wasiooga." Redio za wateja zilirundikana mlangoni, nyanya zikaozea jikoni, kliniki ikawa inakaribia, na ajuza wa mbao amekwama kwenye salamu yake kama santuri iliyochubuka. Kuna wakati Fundi alijikuta anamwomba kwa sauti, pita hapo tu, mama yangu, pita hapo mara moja tu. Ajuza hakupita.

Dada yake Domo aliingia na bakuli mkononi akasimama. "Wifi," alisema, "unajua kwamba huko ndani anasikia?"

Fundi alijibu kwamba anajua, na ndivyo anavyotaka. Alikuwa amechungulia chumbani akamkuta mumewe hajageukia ukuta tena. Amelala chali, macho juu, na kila salamu ilipopita aliyafumba kisha akayafumbua. Fundi aliichukua kuwa dalili njema. Mwenye kiu huona maji hata kwenye lami.

Hapo hapo mlango wa chumbani ulifunguka. Domo alikuwa amesimama kwa miguu yake, shuka begani, mkono mmoja ukutani. Tangu atoke hospitali hakuwa amekivuka kizingiti kile ila kwenda msalani au kliniki. Fundi aliinuka haraka. Alimvutia kiti, akamwambia karibu, kaa, mwone mwenzio. Domo alikipita kiti. Alisimama mbele ya meza akamtazama ajuza akisema kwa sauti yake yeye, sauti nzima, nene, yenye kicheko kinachochungulia ndani yake. Kisha akanyoosha mkono, akaushika waya wa spika, akaung'oa.

Hakumgusa mtu wala hakuvunja kitu. Alibaki ameushika waya ule, mabega yakipanda na kushuka, pumzi ikipiga mluzi kwenye tundu la shingo. Ilimchukua Fundi muda kuelewa kwamba mumewe analia, na kwamba kilio chake sasa ni hicho. Domo akauweka waya mezani, akarudi ndani, na kitanda kikalia alipojigeuza.

Dada yake alikuwa bado amesimama na bakuli. Aliliweka chini taratibu kabla ya kusema. "Umemkalisha kwenye msiba wake mwenyewe, wifi. Yu hai, na unamlazimisha asikilize."

Fundi alijibwaga kitini. Wifi yake alipoondoka, alikaa ameinamia meza, kichwa mikononi, akitamani ardhi ipasuke. Mbele yake Bibi Pengo alikuwa bado anachezesha mdomo kimyakimya, maana kilichong'oka ni waya wa spika tu. Akafika kwenye kicheko, akaachama, akageuza shingo, akainama, akapita mahali pa kifafa. Hakuanguka. Akaendelea na maneno yake yasiyosikika, sentensi baada ya sentensi.

Fundi akainua uso. Spika isipokula umeme, bodi haizimi. Spika na vijimota vilikuwa vinanyonya betri moja; kicheko kikija vyote vinavuta kwa pamoja, umeme unanywea, bodi inazirai. Dawa yake ni kuvipa vijimota betri yao peke yao, na kuziunganisha nyaya za hasi ili vielewane. Alijichukia kwa kuliona hilo saa ile. Hata hivyo alilitengeneza, kwa kuwa mikono haikujua pengine pa kwenda. Waya wa spika aliurudishia mwisho kabisa, macho yamejaa machozi, akaudondoshea risasi bila kuutazama sawasawa.

Siku ya kliniki Domo alivaa alichovalishwa. Njiani Fundi alimwambia kwamba amewaahidi watoto. Kwamba hakufikiri alichokuwa akimfanyia. Kwamba hata sasa hivi akitaka watamrudisha Bibi Pengo nyumbani na hatamwona tena. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyatoa kwa mkupuo mmoja. Domo alitazama mbele. Hakukubali, hakukataa. Foleni ya daktari ilikuwa ndefu, Fundi akamwacha kwenye benchi pamoja na dada yake, akabeba sanduku kuelekea wodini peke yake. Alikuwa hataki kwenda na hakuweza kutokwenda. Mtoto akishaahidiwa ameahidiwa.

Wodi ilikuwa na vitanda vya chuma vilivyobabuka rangi na mapazia ya bluu yaliyopauka kwa kufuliwa. Watoto waliojiweza walikaa sakafuni, wengine waliinuliwa kwa mito. Mbele kabisa alikaa binti mdogo aliyeungua kwa maji ya moto, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi mabegani. Sista alimnong'oneza Fundi kwamba huyo kila akibadilishwa bendeji huuliza Bibi Pengo atakuja lini. Fundi alimsimamisha ajuza kwenye meza ya magurudumu, akaomba kimoyomoyo, akabonyeza swichi.

Mdomo ukafunguka, sauti isitoke.

Taya ilikwenda vizuri kuliko siku zote, kila neno mahali pake, kicheko mahali pake, kifafa hakuna, na wodi haikusikia hata mkwaruzo. Waya wa spika ulikuwa umeachia. Fundi alijua papo hapo, akajua na sababu, na chuma cha kuchomea kilikuwa nyumbani mezani. Aliubana waya kwa kucha, akaubana kwa meno. Watoto wengine walicheka, wakidhani ndiyo mchezo wenyewe, halafu kicheko kikafa kimoja kimoja. Alipoinua macho alimwona Domo mlangoni, ameegemea fremu, dada yake nyuma yake. Alikuwa anamtazama ajuza anayesema na kusema na kusema, asisikike.

Fundi alizima.

"Bibi," aliuliza yule binti wa bendeji, "sauti yako imeenda wapi?"

Sista alianza kuwaeleza kwamba Bibi anaumwa leo, wampe pole, atakuja siku nyingine. Fundi alikuwa ameshaanza kuzikunja nyaya, haoni vizuri anachokunja, ndipo mkono ulipopita mbele yake. Domo alikuwa ameivuka wodi. Alikivuta kile kisanduku cha majaribio, kilichokuwa bado kinaning'inia kwenye nyaya za ajuza, akashika kitasa cha kwanza, akamtazama mkewe. Fundi akawasha upande wa majaribio bila kufikiri.

Domo akakizungusha kitasa kidogo. Taya ikafunguka. Akaifunga, akaifungua tena, mbele, nyuma, kama mtu anayejaribu kiatu kipya dukani. Akagusa cha pili, kichwa kikainama. Akagusa cha tatu, kikageuka. Vidole vyake vilikuwa vimeishi ndani ya kichwa kile miaka mingi, havikuhitaji kuelekezwa sana. Kisha akamkazia mkewe macho, akaufungua mdomo wa ajuza, akaufunga, akangoja.

Fundi alielewa anachotakiwa, na hofu iliyomshika ilizidi zote alizokuwa nazo. Alitikisa kichwa. "Mimi siwezi," alinong'ona. Domo hakuondoa macho. Mdomo wa mbao ukaenda tena, mfupi, mfupi, mrefu.

"Imekatwa," Fundi alisema. Ilitoka sauti nyembamba, ya kwake mwenyewe, isiyo na ajuza hata chembe.

Binti alilifikiria jibu hilo. "Iliuma?"

Kichwa cha Bibi Pengo kikainama polepole, chini kabisa, kikakaa huko. Fundi alimtazama mumewe. Watu wangapi walikuwa wamemuuliza swali hilo pembeni ya kitanda, na ukuta ndio uliowajibu.

"Iliuma sana," alisema. "Bado inauma."

"Na mimi," alisema binti, akainua mikono yake ya bendeji ionekane. "Unaogopa?"

Kichwa kikainama mara moja, kwa haraka, kama cha mtu aliyechoka kuficha. Fundi alitaka kulitia neno jambo hilo, akaona kichwa kimetosha.

Kutoka kitandani mtoto mwingine, mwenye mpira puani, aliuliza bila kupepesa: "Bibi, utakufa?"

Sista alipiga hatua mbele. Domo alimzuia kwa kiganja. Vitasa vikatulia kidogo. Kisha taya ikaanza kwenda, mwendo mrefu wenye vituo, sentensi nzima, na Fundi hakuambulia kitu. Akabahatisha, akasema sijui. Domo akagonga meza kwa kifundo cha kidole: sivyo. Taya ikarudia ile ile. Fundi akasema Mungu ndiye ajuaye. Kifundo tena, kwa hasira sasa. Kuna mtoto aliyecheka. Bibi Pengo akageuza shingo kumwelekea Fundi, akamkodolea makengeza yake, akaanza tena kwa utaratibu, kama anayemfundisha mjinga kusoma, na watoto wote wakaangua kicheko. Safari hii Fundi aliacha kubuni. Aliufuata mdomo ule kama anavyofuata waya ndani ya redio, asijue unakomea wapi.

"Nitakufa," alisema. "Siku moja, kama watu wote. Lakini leo siwezi. Leo nina wageni."

Domo hakugonga.

Mwenye mpira puani aliridhika, akajilaza kwenye mto. Yule binti alicheka, akaumia, akacheka tena. Wakauliza mengine, kama Bibi anaoga, kama ana mume, kama chakula cha hospitali anakipenda, na kichwa kikakubali na kukataa na kuchukizwa, naye Fundi akasema alichoambiwa. Alikosea mara nyingi na kugongewa kila mara. Katikati ya hayo alisikia sauti yake imeshuka, imekuwa nzito na ya kubembea, na hakujua ilianza lini. Dada yake Domo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kitupu, ameziba mdomo kwa mtandio.

Nyumbani Domo alikunywa uji nusu bakuli, kijiko kwa kijiko, kwa uso wa mtu anayemeza misumari. Kisha akauvuta ule ubao ambao hakuwahi kuugusa. Fundi alisimama nyuma yake, roho mkononi, akingoja neno la kwanza la mume wake. Domo aliandika kwa herufi kubwa: UNAKIMBIZA. BIBI HAKIMBII.

Fundi alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga. Alimwambia kwamba alikuwa anatetemeka, kwamba yeye fundi, si mchekeshaji, na kwamba kumgongea mtu meza mbele ya watoto si adabu. Domo alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta ubao, akaandika tena: sauti ile usiiwashe. Fundi aliahidi. Akauliza kama azitupe zile kanda. Domo akaandika aziweke mbali, asizitupe.

Hakupona, isidhaniwe hivyo. Zilikuwepo asubuhi aliporudi ukutani, na siku hizo hakuna kitasa wala binti wa bendeji aliyeweza kumgeuza. Fundi alikaa tu kwenye ukingo wa kitanda akamshika mguu. Kliniki iliyofuata daktari alipapasa shingo upande wa pili, akapapasa tena, akataka vipimo vingine. Walirudi nyumbani kimya, na kwa mara ya kwanza kimya hicho kilikuwa cha wawili. Lakini uji ulipungua bakulini, na siku ya wodi Domo alivaa viatu mwenyewe.

Akamgeuza mkewe mwanafunzi. Mchana, redio za wateja zikisubiri, alimrudisha kwenye sentensi moja hiyo hiyo mara kadhaa, akimwekea taya hapa ndefu, hapa fupi, hapa nyamaza mpaka wakuone. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alisikia sauti nzito ikikoroma kutoka dirishani mchana kutwa, akamwonea Fundi huruma, akamletea ndimu za mafua. Fundi alizipokea, akamshukuru, akatafuta namna ya kumweleza. Nyuma yake Domo alikuwa ameshaanza kugonga meza.